Kishike Kabla ya Risasi
Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa ufundi umeme, mafundi, na wenye nyumba za zamani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa vyuo vya ufundi, mafundi wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wenye nyumba mliokuja kusikiliza kama nyaya za babu zenu zitawaunguza usiku wa leo, najua baadhi ya walionialika walitarajia niseme habari za umeme wa jua, maana huo ndio wenye soko siku hizi. Wanisamehe. Nitazungumzia nyaya zilizotandazwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, na nyingine kabla sijazaliwa mimi, na mvi zangu mnaziona.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mafundi umeme wa zamani, wa Marekani kwa upande mmoja, na wa Uingereza ambao desturi yao ndiyo tuliyorithi huku kwa upande wa pili, waliijenga kazi yao kulizunguka swali hili: nyaya zikutane wapi, na nani atapaona hapo zinapokutana? Nitasema pia kwamba lawama nyingi tunazozitupia nyaya za zamani zinawastahili watu waliozigusa baadaye. Sisemi turudi huko. Mtu akitoka hapa akatangaza kwamba mhadhiri amekataza watu kung'oa nyaya mbovu, mjue alikuwa amesinzia.

Hoja ya kwanza: kiungo kishike chenyewe

Nianze Marekani. Kituo cha Thomas Edison cha mtaa wa Pearl, New York, kilianza kuuza umeme tarehe 4 Septemba 1882. Tangu miaka ile hadi miaka ya 1930, nyumba za mbao za nchi ile, nazo ni nyingi mno, zilifungwa umeme kwa vifundo na vibomba vya kauri. Vichache nimevileta, viko mezani.

Siku hizi waya wa moto na nyutro hulala pamoja ndani ya ganda moja la plastiki. Zamani zile kila mmoja ulikwenda njia yake peke yake, na hewa katikati. Waya ukipita juu ya boriti, ulishikwa na kifundo cha kauri. Ukitakiwa kupenya boriti, ulipitishwa ndani ya kibomba cha kauri ili usiguse mti. Kanuni zilitaka nyaya mbili ziachane kwa inchi 3, yaani milimita 75 hivi, zikae inchi 1 mbali na ukuta au mbao, na kifundo kisikose katika kila futi 4 na nusu. Kauri ilizuia umeme kuvuja, na hewa ilibeba joto. Waya uliozungukwa na hewa kila upande hupoa vizuri kuliko uliobanwa ukutani, na kwa sababu hiyo nyaya zile zilivumilia miaka mingi.

Sasa tazameni mambo madogo. Msumari wa kifundo ulivishwa kwanza kipande cha ngozi chini ya kichwa chake. Kwa nini? Kwa sababu pigo la mwisho la nyundo ndilo linalopasua kauri, na ngozi ililipokea pigo hilo. Kibomba nacho kina kichwa upande mmoja. Fundi alitoboa boriti kwa mshazari, akakiingiza kibomba kichwa kikiwa juu, uzito wake ukakishikilia pale pale. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Boriti ikitetemeka miaka hamsini, kibomba hakichomoki, kwani pa kuchomokea hapana.

Lakini penye ufundi hasa ni kwenye kiungo. Nyaya zilipokutana hapakuwa na boksi. Zilikutana hewani, kati ya kifundo na kifundo, na hapo palitegemea mkono wa mtu. Fundi alimenya ganda la waya kama mtu anayechonga penseli, kisu kikilala. Hakukata mduara kuuzunguka waya, kwa kuwa kisu kinachozunguka huacha mkwaruzo kwenye shaba, na waya huja kukatikia hapo siku ukipindwa. Kisha aliikwangua shaba mpaka ing'ae. Alizipishanisha ncha mbili, akazisokota mara moja kwa mzunguko mrefu, halafu ncha ya huku akaizungusha juu ya waya wa kule, na ya kule juu ya wa huku, mizunguko minne au mitano iliyobanana pasipite hata unywele. Ncha zilizobaki alizikata na kuzilaza kwa koleo, zisije zikachoma utepe. Halafu akavuta kwa nguvu. Kikiteleza, anaanza upya.

Angalieni kwamba mpaka hapo risasi ya kulehemu haijaguswa. Kanuni za umeme za Marekani, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1897, hadi leo zinataka kiungo cha kulehemu kiwe imara kwanza bila risasi, kwa kushikana na kwa kupitisha umeme, ndipo kilehemiwe. Risasi ni laini, na ikipata joto kubwa inayeyuka. Kiungo kinachoitegemea risasi kikishika moto kitaachia, na kuachia huko huongeza moto. Basi kazi ya risasi ni kuziba hewa na unyevu visiingie katikati ya shaba na shaba. Kushika ni kazi ya shaba yenyewe.

Kulehemu nako kulikuwa na adabu yake. Fundi alipasha moto kiungo, siyo risasi. Risasi, ambayo ni mchanganyiko wa bati na risasi yenyewe, iliguswa kwenye shaba iliyokwisha kupata moto, ikayeyuka na kunyonywa katikati ya mizunguko. Dawa ya kusafishia ilikuwa utomvu mkavu wa msonobari. Aliyetumia asidi alifanya haraka siku hiyo na kuiacha asidi ikiila shaba miaka iliyofuata. Mwisho zilikuja tepu mbili. Ya kwanza ya mpira, inayovutwa ikizungushwa hadi igandane na kuwa kitu kimoja. Juu yake ya kitambaa chenye nta ya mpira, ya kuilinda. Unene wa tepu ulitakiwa ulingane na wa ganda lililomenywa.

Kiungo hiki kilitoka kwa mafundi wa simu za maandishi, na mpaka leo kinaitwa kwa jina la kampuni yao, Western Union. Wanafunzi, msicheke: NASA inakieleza katika viwango vyake vya kazi ya nyaya. Wanaopeleka vyombo angani hawajakiona kimezeeka.

Ila kazi hiyo ilikula muda. Hesabuni viungo vya nyumba ya vyumba vitano, kila kimoja kikiwa na kisu chake, koleo yake, moto wake na tepu zake mbili, fundi akiwa amelala kifudifudi darini na chombo cha moto mkononi, na vumbi la mbao chini ya kifua chake. Mwaka 1914 William Marr wa Canada alibuni kiungio cha kubana nyaya bila kulehemu, na sioni sababu ya kumlaumu. Kuwasha moto ndani ya dari la mbao ili umkinge mtu na moto ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Hoja ya pili: kiungo bora ni kile ambacho hakipo

Waingereza walilijibu swali lile lile kwa njia nyingine kabisa. Kanuni zao za kwanza zilitoka mwaka 1882, na hata kichwa chake kilitaja kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Hofu ndiyo iliyoziandika. Mafundi wao walijua kuunga, na vitabu vyao vimejaa namna za viungo. Lakini desturi iliyoshika ni kutokuunga kabisa njiani.

Walifanyaje? Waya wa moto unatoka kwenye fyuzi ukiwa mzima mpaka kwenye silingirozi ya kwanza, kile kikombe cha darini kinachoning'iniza taa. Hapo unafungwa chini ya skrubu, na kutoka skrubu ile ile unaanza waya mwingine mzima kwenda taa ya pili. Nyutro hivyo hivyo. Waya wa swichi unashuka na kupanda bila kukatwa. Nyumba nzima haina kiungo ndani ya ukuta wala juu ya dari. Kila mahali nyaya zinapokutana pana kifuniko, na kifuniko kinafunguka kwa bisibisi. Waya unaotumika ni mwingi zaidi, na hiyo ni gharama ya kweli. Waliilipa, wakanunua jambo moja: ukitafuta hitilafu, unajua pa kutafuta.

Nyaya zenyewe zilikuwa za nyuzi kadhaa za shaba zilizovikwa mpira uliopikwa kwa salfa, na juu yake uzi uliosukwa. Shaba ilipakwa bati kwanza. Wanafunzi wengi hudhani bati lile lilikuwa la kurahisisha kulehemu. Lilisaidia, ndiyo, lakini sababu kubwa ni salfa: mpira uliopikwa kwa salfa huila shaba tupu, na shaba nayo huuharibu mpira. Bati lilivitenganisha. Vipimo vilitajwa kwa idadi ya nyuzi na unene wake kwa inchi. Waya wa 3/.029, uliotumika sana kwa taa, ulikuwa nyuzi tatu za inchi 0.029. Fundi aliyeufungua aliuhesabu kwa macho.

Nisiupite mpira ule bila neno. Tairi la hewa la Dunlop la mwaka 1888, pamoja na viwanda vya nyaya, vilipandisha sana hitaji la mpira duniani, na sehemu ya mpira ule ilitoka Kongo ya Leopold wa Pili, ambako watu walikatwa mikono na vijiji vikachomwa kwa kutotimiza kiwango cha utomvu. Tukisifu mikono ya mafundi, tuikumbuke na hiyo.

Huku kwetu, kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi zilianza mwaka 1908, na mwaka huo huo Wajerumani wakaweka umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam. Baada ya vita kuu ya kwanza Tanganyika nayo ikaingia katika kanuni za Kiingereza. Unguja, jengo la kwanza kuwekwa taa za umeme lilikuwa Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Kuta za miji yetu ya mwambao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kulala ndani ya dirisha. Ukizitindua ili ufiche bomba, jiwe linamomonyoka na chokaa inaanguka vipande. Kwa hiyo nyaya zilipita juu ya ukuta, mbele ya macho ya watu: kwanza ndani ya mbao za msaji zenye mifereji miwili na kifuniko, baadaye kebo za mpira juu ya papi nyembamba za mbao, zikishikwa kwa klipu za bati. Wengi wenu mmezipaka rangi kila Idi bila kuzitazama.

Zitazameni mkirudi nyumbani. Papi imefuata mstari wa juu wa mlango, haikukata ukuta katikati. Klipu zimeachana kwa kipimo kimoja, na ulimi wa kila klipu umelazwa upande ule ule. Penye kona, kebo imepinda kwa duara; haikuvunjwa kama karatasi. Kila swichi ya bakelaiti imekaa juu ya kibao cha mviringo, na nyuma ya kibao pameachwa waya wa ziada kidogo, ili yule atakayekuja kubadilisha swichi baada ya miaka thelathini asikute waya mfupi. Mafundi wa kazi hii kwenye miji yetu, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi pamoja na vijana wa hapa waliojifunza kwao, walijua kwamba mwenye nyumba, mgeni wake, na fundi wa mtaa wa pili wataiona kazi kila siku. Hawakuwa na lipu ya kuwasitiri.

Hoja ya tatu: walipokosea

Hapa nitakwenda haraka, maana makosa yanajulikana. Mpira haudumu milele. Baada ya miaka thelathini hivi hukauka na kupasuka, na huanzia karibu na taa, kwenye joto la balbu. Waya ukitoa vumbi jeusi unapoupinda, umekwisha, hata kama papi yake inang'aa. Nyaya za taa hazikuwa na waya wa ardhi. Waingereza wenyewe walianza kuulazimisha kwenye taa mwaka 1966. Na palikuwa na mtindo wa kuweka fyuzi kwenye waya wa moto na kwenye nyutro pia. Fyuzi ya nyutro ikikatika peke yake, taa inazimika, mtu anaamini umeme haupo, anapanda ngazi na kushika waya ulio hai. Mtindo huo ukiukuta katika nyumba, usiurekebishe kidogo kidogo. Uondoe.

Hoja ya nne: mikono iliyofuata

Fyuzi ya zamani ni kishikio cha kauri chenye uzi wa shaba. Uzi wa ampea 5 una unene wa milimita 0.2. Wa ampea 15 ni milimita 0.5, wa ampea 30 ni milimita 0.85. Ukiuweka wa kwanza karibu na wa tatu, hata mtoto anaona tofauti. Fundi wa kwanza aliweka wa ampea 5 kwenye taa, akafunga kifuniko, akaondoka. Nyumba ilikuwa na balbu kumi za wati 60. Kwa volti 230 zote pamoja hazifiki ampea 3. Nyaya zilifanya kazi zikiwa baridi.

Kisha ikaja birika ya umeme. Birika ya wati 2,000 peke yake inavuta karibu ampea 9. Mtu akachomoa umeme wake kwenye nyaya za taa kwa kuwa soketi ilikuwa mbali. Fyuzi ikakatika, na ilikuwa sawa ikatike, ndiyo kazi yake. Akaitwa kijana wa jirani, akaweka uzi wa ampea 30 au vipande vya waya wa pasi vilivyosokotwa pamoja. Fyuzi haikukatika tena. Naona mzee mmoja pale anacheka. Anaijua nyumba hiyo, na pengine anaishi ndani yake. Kuanzia siku ile kitu chembamba kuliko vyote katika njia hiyo hakikuwa tena fyuzi. Kilikuwa waya ulio darini.

Marekani ilitokea vivyo hivyo. Fyuzi za ampea 15 ziling'olewa zikawekwa za 30 zinazoingia kwenye tundu lile lile. Kisha, kwa ajili ya kuzuia baridi, watu wakajaza sufi na povu ndani ya kuta. Kumbukeni nilivyosema juu ya hewa. Nyaya zilizopangwa zipozwe na hewa zikafunikwa blanketi, na joto likakosa pa kwenda. Mwaka 1987 kanuni zao zikakataza nyaya za vifundo kwenye nafasi zilizojazwa namna hiyo.

Na juu ya hayo yote kuna kiungo cha fundi wa mwisho: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole, zimefungwa tepu ya plastiki ambayo gundi yake inayeyuka kwa joto la mabati ya paa, na zimesukumwa juu ya dari pasipo boksi. Kiungo hicho kikilegea, umeme unapita penye upenyo mwembamba, pakipata moto panalegea zaidi, na pakilegea zaidi panazidi moto. Hakionekani, hakivutwi, na fyuzi ya ampea 30 haiwezi kukijua. Nikisikia nyumba ya zamani imeungua kwa sababu ya nyaya kuukuu, jambo la kwanza ninalouliza ni nani aliyepanda darini mara ya mwisho.

Tunakokwenda

Sasa nyaya zetu ni za plastiki, zimefichwa ndani ya mabomba chini ya lipu, na viungio vya kubana vinapatikana kila duka la vifaa vya umeme. Vema. Fundi wa leo anamaliza nyumba kwa siku chache, na breka zinalinda vizuri kuliko uzi wa fyuzi. Lakini ukuta ukishapigwa lipu hakuna jirani atakayeihukumu kazi. Lazima hukumu ile tuiweke mahali pengine.

Walimu, ninaomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe nyaya na koleo kabla ya kupewa kiungio cha plastiki. Aunge, mwalimu avute. Kiungo kisichovutika ndicho kipewe alama. Atakapokuja kutumia kiungio cha kiwandani atajua kinatakiwa kufanya nini, na kikikaa vibaya mkono wake utamwambia.

Wenye nyumba, msing'oe kabla ya kupima, na msiache kupima. Fundi mwenye mega, yaani chombo cha kupimia ganda la waya, atazizima nyaya, atavitoa vifaa vyote, atazipima kwa volti 500. Kipimo kikiwa chini ya megaohmu 1, nyaya hizo zina neno. Mpira ukikatika mkononi, zitoeni zote bila huruma. Papi na vibao vya mviringo vibakizeni, kwani kebo mpya yenye waya wa ardhi inaweza kupita juu yake bila kuutindua ukuta wa mawe. Mkijenga upya, pigeni picha ya kila ukuta kabla ya lipu, na karatasi yenye mchoro ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha breka. Gharama yake ni karatasi.

Wanaosimamia majengo ya kale nawaomba chumba kimoja tu katika jengo moja, nyaya zake zikiwa zimekatwa umeme na kuachwa ukutani kama zilivyofungwa, ili vijana wa vyuo wapelekwe kuzitazama. Tunahifadhi milango ya kuchonga, na ni haki. Klipu zilizolazwa upande mmoja nazo zilichongwa na mtu.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Maswali nitayapokea. Anayetaka kujaribu kiungo, nyaya na koleo ziko kwenye meza ya nyuma. Risasi nimeiacha nyumbani makusudi.